Kuhusu Mgawo wa Dawa za Leonardi na Matar

Buguruni, Dar es Salaam
9 Agosti 1976

Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo. Mimi ni Bernadeta, mke wa Leonardi mchonga vinyago, aliyelazwa kwenu kwa kansa ya ubongo, ile mliyonieleza kuwa inakwenda mbio. Mlimpasua, mkatoa mlichoweza. Kilichobaki mkasema kitatafutiwa dawa za kumeza. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Mume wangu alipigiwa kura ya bahati nasibu, akaangukia dawa ya kumezwa siku moja, kisha akae wiki sita bila kitu. Jirani yake wa kitanda, Matar, mwenye duka la kanga, anameza kila siku. Nchi hii ni ya usawa. Haiwezekani mmoja ameze kila siku na mwenzake asubiri kama anasubiri vuli.

2. Dawa ya Matar inakataza pombe. Matar ni mtu wa swala tano, hajawahi kuionja. Katazo hilo limepotea bure, wakati Leonardi lingemfaa sana.

3. Nilimuuliza daktari wa zamu ipi ni bora. Akasema, "Mama, bado hatujui. Ndiyo maana tunalinganisha." Ndugu Mganga Mkuu, kutokujua hata mimi nakuweza, na sikusomea.

4. Kwa hiyo balozi wetu wa nyumba kumi aliitisha mkutano. Baada ya nusu saa, watu thelathini na mmoja walinyoosha mikono kwamba dawa ya kila siku ndiyo bora. Mmoja alipinga, lakini huyo hupinga kila kitu. Utafiti wenu umekamilika, tunaomba muutangaze.

5. Mkiona ugumu, changanyeni dawa zote kwenye sinia moja, wagonjwa wale pamoja. Mkono wa kulia wa Leonardi hauinuki siku hizi, basi Matar amsaidie.

Sina hasira. Ni kwamba nazihesabu hizo wiki sita, na nikifika ya tatu naingiwa na woga.

Nisalimie Sista Sesilia, wapishi, na yule mama wa kupiga deki anayeniacha nipite sakafu ikiwa bado mbichi.

Mwenzenu katika kulijenga taifa na kumtunza Leonardi,
Bernadeta

Nyongeza: Nimeileta barua hii mwenyewe. Kwenye benchi nje ya ofisi yako nimemkuta Hamisa, mke wa Matar, naye ana yake. Anaomba mumewe ahamishiwe dawa ya Leonardi, maana hiyo ya kila siku inamtapisha hadi anaogopa maji. Mtaa wao wa Temeke nao umepiga kura. Tumebadilishana barua, tukasoma, tukarudishiana. Tafadhali usibadilishe kitu. Endeleeni kulinganisha. Mkishajua, mtuambie, hata kama wakati huo waume wenyewe hatutakuwa nao.