Mwenyekiti wa Waya Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni leo! Mtandao wa mtaa umezaliwa. Waya juu ya ukuta, swichi ya kuunganisha kompyuta niliyoiokota kwenye ofisi iliyohama, na mafaili mazito yanapita nyumba hadi nyumba bila bando. Kompyuta kuu ni yangu. Kila kilichomo anakiona mwanachama mwenye neno la siri. Mwenyekiti ni mimi.

Msusi wa ng'ambo ya njia amejiunga. Mwalimu mstaafu naye. Fundi saa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hajiungi ng'o! Pampu yangu iliporusha maji sebuleni alicheka mpaka akakaa chini. Kichwa debe tupu. Waya unapita juu ya ukuta wake, basi autazame tu.

Shajara hii naiandika humuhumu kwenye kompyuta kuu, maana ile ya daftari mke wangu aliisoma. Neno la siri, nisije nikasahau: mwenyekitiwamaisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kwa msusi kukagua. Kompyuta yake iko mbele ya kiti cha wateja. Aliyekuwa anasukwa ni mke wa fundi saa, macho kwenye skrini, anacheka peke yake. Wivu una sura nyingi.

Jumatano, 5 Machi

Msusi analalamika kwamba video zake za mitindo haziingii, diski imejaa. Mwenyekiti hashindwi. Nikakuta faili moja nene kupita yote, jina lake tarakimu tupu. Mtu mwenye adabu hulipatia faili lake jina! Nikalifuta. Pipa la taka nalo nikalimwaga. Msusi kanisifu sana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha.

Mke wangu kaniuliza iko wapi video ya harusi yetu, ile ambayo baba yake anatuusia. Sauti ya marehemu imebaki hapo tu, na Jumapili wadogo zake wanakuja kuisikiliza. Nikauliza faili linaitwaje. Akasema halina jina, ni tarakimu za kamera. Nikamwambia ipo, inapashwa moto. Inapashwa moto! Video! Akanitazama, akarudi jikoni.

Sikula. Siku ile mzee alinishika bega mbele ya watu wote, akasema kijana huyu hana akili nyingi lakini moyo anao. Katika ukoo mzima ni yeye tu aliyenitetea. Nami nimemfuta. Nimelia bafuni, bomba nikalifungulia.

Jumamosi, 8 Machi

Msusi hana nakala. Mwalimu hana. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwa uani natunga kisa cha mwizi wa kompyuta, mara fundi saa akachungulia juu ya ukuta. Akauliza kama natafuta usia wa mzee.

Anayo! Aliunga waya wake kwenye wangu Jumanne jioni, akanakili kila kitu. Wameitazama mara mbili, yeye na mkewe, wakafuta machozi. Akanipa fleshi. Nilimkumbatia ukuta ukiwa katikati, kifua kikachubuka, wala sikujali. Mzima! Niko mzima tena!

Nikauliza neno la siri alilipataje. Akasema mkewe alilisoma kwa msusi. Akaongeza kwamba debe tupu lina faida yake, linaweka vitu vingi. Ajabu. Neno hilo la debe sijamtamkia mtu.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji zangu wamekuja, wameketi, mzee amesema. Alipofika penye akili nyingi walicheka huku wanalia. Mke wangu alinishika mkono mpaka mwisho. Fundi saa tulimwita naye, akakaa karibu yangu. Roho yangu nyeupe.

Video nimeihamishia kompyuta kuu, fleshi nikaifuta nimrudishie ikiwa safi. Nimemwomba na yeye afute nakala yake. Ya nini kujaza diski mbili?

Aliyevujisha ni msusi, hilo halina ubishi. Nimebadilisha neno la siri, na safari hii hatajua mtu asiye mwanachama. Naliandika hapa, nisije nikasahau: akilinyingi.