Profesa na Wimbo wa Mkate

Profesa hakuwahi kufundisha shule yoyote. Alifukuzwa katika mbili tatu, basi. Cheo alijipa mwenyewe siku alipogundua kwamba nusu ya mji imenunua vinanda vya MIDI na hakuna anayejua kwa nini havilii. Kinanda cha aina hiyo ni bubu. Kinaiambia kompyuta kibonye gani kimebonyezwa, na kompyuta ndiyo inayotoa sauti: piano, filimbi, ngoma, utakavyo. Anayejua hilo tu, kati ya wasiojua, tayari ni profesa.

Akafungua darasa juu ya duka la viatu. Ada ndogo. Ulaji ulikuwa kwingine: wanafunzi walipewa kazi ya nyumbani, na iliyotoka nzuri aliiuza kama yake.

"Wiki hii tungeni tangazo la mkate," alisema. Mwenye kiwanda cha mikate alikuwa analitafuta.

Aliyewashinda wote alikuwa Mama Mchapaji, karani mstaafu aliyepiga taipu miaka thelathini. Vidole vyake vilidonoa kinanda kama kuku waliomwagiwa mtama. Alitunga kwa sauti ya filimbi, tamu mpaka Profesa akameza mate.

"Kazi bado changa hii, mama. Niachie niirekebishe."

"Haya, mwanangu. Mwalimu ni wewe."

Kesho yake yuko kiwandani, suti imenyooshwa, kompyuta mezani. "Mzee, kwa wimbo huu sikulala siku tatu."

Mwenye kiwanda akasikiliza, kafumba macho. "Mzuri. Ila filimbi inanitia usingizi. Weka piano."

"Kazi ndogo!"

Kweli ndogo: noti zinabaki zilezile, unabadilisha ala tu. Profesa akabofya. Wimbo ukaanza, na kila mwisho wa mstari: du! du! du! Kama mtu anashuka ngazi na gunia.

"Nini hicho?"

"Hiyo... unga unakandwa, mzee. Ndiyo sanaa."

"Kwenye filimbi haukukandwa?"

Mlango wa ofisi ya ndani ukafunguka. Akatoka Mama Mchapaji, kikombe cha chai mkononi.

"Filimbi haifiki kwenye sauti nzito za huko chini, mwanangu. Ukibonyeza vibonye vya mwisho kushoto husikii kitu, lakini kompyuta inaandika. Wimbo wa mwenzangu wa darasani niliusikia redioni, ukisifiwa wewe. Nikaona wangu niutie alama, halafu nije nimwambie mzee huyu aombe piano."

Lakini tapeli aliyekomaa haanguki kwa kusukumwa mara moja.

"Mwanafunzi akifaulu, sifa ni za mwalimu! Mzee, mimi ndiye wakala wake. Tuandike mkataba wa watatu."

"Umeshaandikwa," mwenye kiwanda akasema. "Wa wawili."

Profesa akafunga kompyuta, akanyoosha koti. "Basi niwahi darasani. Watu wananisubiri."

"Hawapo," Mama akasema, akipuliza chai. "Wako sebuleni kwangu tangu asubuhi, kila mtu na kinanda chake. Ila nafasi moja imebaki. Njoo Jumatatu na ada yako. Na kazi ya nyumbani, mwanangu, uitunge mwenyewe."