Miaka Tisa ya Kukaimu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa na bosi. Bosi ni Mlezi wa Wanafunzi, mtu anayetafuta miwani huku kaivaa. Kasema Baraza la Chuo linakuja Jumatano ya wiki ijayo kuangalia kama tunalea viongozi au tunagawa vyeti tu. Wakiridhika, kitengo changu kitapata mkuu kamili. Wasiporidhika, kitahamishiwa kwa mtu mwingine. Nikauliza mtu mwingine nani. Kasema Mkutubi.

Mkutubi!

Mimi nakaimu mwaka wa tisa sasa. Mlangoni pangu pameandikwa Kaimu Mkuu, Kitengo cha Uongozi wa Wanafunzi, na rangi imeanza kubanduka. Mdogo wangu, niliyemfundisha mimi kufunga kamba za viatu, ni mkuu wa shule, tena kamili. Mama mkwe kila akipiga simu anamuuliza mke wangu kama mumewe bado anashikilia tu. Na Mkutubi ana miaka minne hapa. Hatoi mhadhara hata mmoja. Amewaachia wanafunzi chumba cha kusomea, wanapanga wenyewe, wanagombana wenyewe, wanapatana wenyewe, yeye anakunywa chai. Eti huko ndiko kulea viongozi. Mimi nauita uvivu.

Mimi nina somo. Sifa Kumi na Saba za Kiongozi Bora, kurasa sitini na mbili, nimetunga mwenyewe. Wanafunzi ishirini na wanne. Leo tumefika sifa ya kumi, Kusikiliza. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, wenzake wanamwita Hoja, akanyoosha mkono. Nikamwambia maswali ni mwisho wa muhula.

Jumanne, 4 Machi

Pampu ya mabwenini imekufa. Siku ya tatu hakuna maji.

Hoja kaja ofisini kabla sijavua koti. Anataka darasa lisimame siku mbili, wanafunzi wa uongozi wasimamie ugawaji wa maji. Anasema tangi linalotoa maji ni moja tu, wavulana wenye misuli wanawasukuma wenzao, na kuna mgonjwa ghorofa ya nne hajaoga tangu Jumapili. Nikamweleza kwa upole kwamba maji hayamo kwenye muhtasari wa somo. Akauliza, kwani uongozi ni nini, mwalimu? Nikamwambia hilo liko kwenye sifa ya kumi na moja, Kuwajibika, itafundishwa Alhamisi, asiruke kurasa.

Akaniangalia kwa huruma. Mimi! Mtoto wa juzi!

Nimeshaamua. Huyu hatasimama mbele ya Baraza ng'o. Nahitaji mwanafunzi atakayesema nililomwandikia, na ninaye. Kijana mrefu, mtaratibu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Ukimwambia jambo lolote anajibu ndiyo, mzee. Wenzake wamembatiza Ndiyo-Mzee. Hilo nalo kalikubali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeingia darasani saa mbili kamili. Viti ishirini na vinne, mtu mmoja. Ndiyo-Mzee, mstari wa mbele, kalamu mkononi.

Nikamuuliza wenzake wako wapi. Kasema wako kwenye tangi. Hoja kawapanga zamu, kila ghorofa ina saa yake, na wale wavulana wenye misuli ndio wanaopandisha ndoo za wagonjwa. Wawili wamekwenda kumganda fundi pampu mpaka aje. Nikamuuliza mbona yeye hakwenda. Kasema Hoja alimwambia, lakini mimi sikumwambia.

Huyu ndiye kiongozi!

Nikamfundisha Kuwajibika saa mbili nzima, peke yake. Alinakili mpaka pale nilipokohoa. Dirishani nawaona wale ishirini na watatu wanapita na ndoo, wamelowa, wanacheka. Roho iliniuma. Miaka tisa, hakuna darasa langu lililowahi kucheka hivyo, labda nikiwa nimegeukia ubao.

Wote nimewaandikia utoro. Barua ilifika kwa bosi saa saba mchana.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi kaniita. Nikajua ni ile barua. Kumbe hajaifungua! Kasimama, kanipa mkono, kanishika na bega. Anasema jana kapita mabwenini kaona foleni imenyooka, kaona zamu zimebandikwa ukutani, kamkuta fundi anamalizia pampu. Akauliza hawa ni akina nani, akaambiwa darasa la uongozi. Anasema miaka yote alidhani nawasomea makaratasi tu. Akauliza kama zoezi lile nilibuni mimi.

Mtu mwoga angesitasita. Nikasema tuliliandaa kwa muda mrefu.

Basi kazi ikawa barua. Nikamfuata katibu muhtasi wake, nikamwambia anirudishie, ina kosa la tarehe. Akanipa. Halafu akasema ameshaisoma, tarehe iko sawa. Mama yule hajawahi kunipenda.

Sasa Baraza linataka kumsikia mwanafunzi aliyeongoza zoezi la maji. Nikamwambia bosi atapatikana.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeandika hotuba. Kurasa nne. Kichwa chake: Jinsi Nilivyoongoza Zoezi la Maji. Ya Ndiyo-Mzee, ila nimeiandika mimi, na inagusa.

Nilimsomea mke wangu. Ni mkunga, anasimamia wodi nzima na hajui hata sifa moja kati ya zile kumi na saba. Akasikiliza mpaka mwisho huku anakunja nguo. Akasema, baba watoto, kwa nini usimwache yule binti aeleze alichofanya, wewe usimame pembeni upigiwe makofi kwa kuwa mwalimu wake? Nikamwambia hajui mambo ya ofisi. Akakubali, kweli hajui, huko wodini kwake mtoto akitaka kutoka anatoka, hangojei Kaimu atie saini. Akacheka sana, peke yake.

Nikalala sebuleni. Kwa hiari yangu.

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi na Ndiyo-Mzee, ofisini kwangu, mlango umefungwa. Anasoma vizuri, anatulia, anashusha pumzi pale nilipoandika ashushe pumzi. Akiulizwa swali aniangalie mimi, nitakuwa mstari wa tatu. Nikishika tai, jibu ni ndiyo. Nikishika sikio, hapana.

Kwenye ukurasa wa pili akasita. Akauliza, na Hoja, mzee? Swali la kwanza tangu nimjue. Nikamwambia katika uongozi kuna wanaobeba ndoo na kuna wanaobeba dhamana. Akasema ndiyo, mzee, ila safari hii ilichelewa kidogo. Nadhani ana mafua.

Kabla ya kuondoka nimebandika karatasi ya gundi juu ya neno Kaimu pale mlangoni. Nimesogea hatua tano, nimetazama. Nimerudi nikatazama tena. Machozi yalinilengalenga, sioni haya kusema. Mkuu, Kitengo cha Uongozi wa Wanafunzi. Jumatano mke wangu atakuja ukumbini, na kamwalika mama yake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempa Hoja jukumu lake: kupanga viti mia mbili na kukaa nyuma kupokea wanaochelewa. Nikamwambia kiongozi bora huanzia chini. Akauliza kama na mimi nitabeba. Nikamweleza habari za mgongo wangu.

Hakununa. Hilo lilinikera zaidi. Aliita watu sita, wakaja kumi na watano.

Nikakutana na Mkutubi koridoni. Akanipongeza kwa wanafunzi wangu. Kasema Jumanne walimwomba chumba cha kusomea, wakakaa mpaka jioni kupanga zile zamu, yeye akawapa chaki na kuondoka. Kumbe! Uasi wote umepikwa kwake! Na bado anatabasamu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 12 Machi

Naandika haraka.

Ukumbi ulijaa. Mama mkwe mstari wa nne, nyuma yangu kabisa, namsikia anavyopumua. Mwenyekiti wa Baraza ni mama mmoja hakimu mstaafu, haandiki kitu, anatazama tu. Ndiyo-Mzee akapanda. Akasoma kurasa zote nne. Akashusha pumzi mahali pake. Makofi. Bosi akanigeukia akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Nikasema moyoni, imekwisha, mimi ni mkuu.

Halafu hakimu akauliza, kijana, ulijuaje nani ni mgonjwa ghorofa ya nne?

Ndiyo-Mzee akaniangalia. Nikashika tai. Lakini ndiyo si jibu la swali lile! Nikashika sikio. Hapana nayo si jibu. Nikashika vyote viwili. Jirani yangu akauliza kama nimeumwa na mdudu.

Hakimu anangoja, wamezoea kungoja watu wale. Ndiyo-Mzee akazikunja zile karatasi nne, akazitia mfukoni. Akasema, mama, sikujua. Siku ile mimi sikuwa kwenye maji. Nilikuwa darasani, peke yangu, nafundishwa Kuwajibika.

Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema aliitwa akabebe ndoo akakataa kwa sababu mwalimu hakumtuma, na yule mgonjwa wa ghorofa ya nne ni jirani yake, mlango kwa mlango, na tangu siku ile anaona haya kumpa hata salamu. Akasema aliyeongoza ni dada yule kule nyuma aliyepangiwa viti. Akasema tangu ajiunge na darasa hili hajawahi kuamua jambo lolote, na hili la kushuka ndilo la kwanza.

Akashuka. Kapita karibu yangu kabisa. Nilikuwa nimeshika masikio yote mawili na hakuniangalia.

Watu wakasimama kupiga makofi. Bosi kasimama. Katibu muhtasi kasimama juu ya kiti. Mke wangu kasimama, analia. Na mimi nikasimama, mtu asidhani nimekasirika. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekaa. Akaniinamia akauliza, sasa mwanangu, wewe hapo kazi yako hasa ni ipi?

Niliona aibu. Naandika ukweli maana hakuna anayesoma hapa. Nilitaka kwenda kule nyuma kumwambia yule kijana kitu, sijui kitu gani. Nikafika mpaka mstari wa kumi. Halafu nikamwona anacheka na Hoja, mara ya kwanza namwona akicheka, nikarudi. Fadhila ya punda ni mateke.

Alhamisi, 13 Machi

Barua imefika kabla ya chai. Baraza limeridhika sana. Limeona viongozi wawili wa kweli. Linapendekeza kitengo kipate mkuu kamili mara moja.

Mkutubi.

Mimi nitakuwa Kaimu Msaidizi wake. Nimesoma mara tatu. Hata usaidizi nakaimu!

Mke wangu alinisogezea chakula, akakaa kando yangu, akanishika mkono muda mrefu. Afadhali angecheka.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza chini ya Mkutubi. Kanipa meza kwenye chumba cha kusomea. Nikauliza nifanye nini. Kasema nitazame wanafunzi wanahitaji nini, halafu niamue mwenyewe. Nikakaa pale mpaka saa sita nikingoja aniambie. Huyu mwanamke hajui kuongoza kabisa.

Hoja kapita, kanisalimia kwa heshima, kaniuliza kama nitapenda kuwasaidia kupanga zamu za taa za usiku. Nimemwambia nitalifikiria. Ndiyo-Mzee alikuwa naye, kachomekea shati upande mmoja tu. Watoto wanaharibika haraka.

Lakini nimekaa nimewaza, na Mungu hamtupi mja wake. Mbona sikuliona mapema? Baraza halikupenda maji wala zamu. Kilichowatoa machozi ni kijana kukiri kosa! Basi. Baraza linarudi Septemba. Nimeongeza sifa ya kumi na nane, Kukiri Kosa, kurasa saba. Na nimeshapata mtu, kijana wa mwaka wa kwanza, mpole, kila nikimwambia jambo anaitikia kwa kichwa, hata sauti hatoi. Kosa lenyewe hana, nimemtungia. Atakiri ukurasa wa pili, katikati, na sauti itakatika mara mbili. Nimemwambia machozi si lazima, ila yakija ageuze uso pembeni, yasiloweshe karatasi, nakala ni moja tu.