Mlango Kwanza, Kwaheri Baadaye

"Jamani, mmesikia ya ukumbi?"

Mkasi, kinyozi wetu, aliingia kijiweni mbio, kitambaa cha saluni kikiwa bado begani. Mteja kamwacha kitini na kichwa nusu. Mimi ni fundi viatu, benchi ni langu, kwa hiyo kila habari ya mtaa huu hupitia kwangu kwanza. Hii ilikuwa imenipita, na niliudhika kweli.

"Ukumbi upi? Sema basi!"

"Ule mpya wa harusi, unaojiendesha kwa kompyuta! Jana mchana watu kumi na mmoja wamefungiwa ndani. Mlango ukajifunga pa! Taa pu! Kiza totoro, hamna hata dirisha. Halafu spika ikawaambia kwa sauti tamu: 'Asanteni kwa kuja, tafadhali tokeni taratibu.'"

"Watoke wapi?" Mama Birika, mwenye kahawa, alicheka mpaka akamimina kahawa kwenye kiatu cha mteja wangu. "Ni nani katengeneza kitu chenye roho mbaya hivyo?"

Mkasi akaonyesha kwa kidevu. Mwisho wa benchi alikaa Mtambo, fundi wetu wa programu, kichwa katikati ya magoti.

"Mtambo! Wewe?"

"Mimi," akajibu akiangalia chini. "Na waliofungiwa ni wakwe zangu watarajiwa. Walikwenda kukagua ukumbi wa harusi yetu."

Nyundo ikanitoka mkononi. Baba wa bibi harusi ni Mzee Muhuri, karani mstaafu, anayekunywa kahawa hapahapa kila siku. Miezi miwili mizima alikuwa akimwita Mtambo "mkwe", mkwe njoo, mkwe sogea, mpaka tukachoka kusikia.

"Leo asubuhi kakuitaje?" nikauliza.

"Kijana."

"Uwii!" Mkasi akashika kichwa. "Kijana wangu, au kijana tu?"

"'Wewe kijana.'"

Mama Birika akamwongezea kahawa bila kuombwa. Ilikuwa kama tuko msibani, ila kila mmoja alikuwa anabana kicheko.

"Ilikuwaje lakini?" nikamuuliza.

"Programu ikimaliza kazi yake salama, kabla haijazimika inafanya usafi. Unaiachia maagizo mapema: ukimaliza fanya hiki, fanya na kile. Mimi niliagiza: aga watu, zima taa, funga mlango."

"Sasa kosa liko wapi? Hata mimi saluni nafunga hivyohivyo."

"Inaanza na agizo la mwisho."

"Inaanza na la mwisho?" Mkasi akasimama. "Imelelewa na nani hiyo?"

"Mama Birika, vikombe ukivipanga kimoja juu ya kingine, ukitaka kuviosha unaanza na kipi?"

"Cha juu."

"Kiliwekwa lini?"

"Mwi..." Mama Birika akaziba mdomo kwa kanga. "Kumbe ukumbi ulikuwa unaosha vyombo!"

Hapo tuliangua kicheko. Mkasi alipiga paja lake, akapiga na la kwangu. Hata Mtambo alitoa kicheko kidogo, akakimeza.

"Na nani aliizima, watu wakiwa ndani?" nikauliza nikifuta machozi.

"Mama mkwe. Aliona kitufe kimeandikwa 'Maliza', akadhani anaulizwa kama amemaliza kukagua. Akabonyeza."

"Si bora angechomoa waya?"

"Ingekuwa nafuu! Usafi ni pale inapomaliza kwa amani tu. Ukiichomolea waya inakufa palepale. Haiagi mtu, haizimi taa, haifungi mlango."

"Kama Mkasi alivyomkimbia mteja wake," nikasema. "Kamchomolea waya na nusu ya nywele."

"Shh! Anakuja."

Mzee Muhuri alitokea kwenye kona, plasta puani, na sijui alikuwa ametusikia tangu lini. Sote tukajifanya tunakunywa, vikombe vitupu. Akaketi baina yangu na Mkasi, mbali na Mtambo.

"Shikamoo, baba," Mtambo akasema.

"Marahaba." Akakomea hapo. Neno "mkwe" halikuja.

"Pua vipi, mzee?" Mkasi hana adabu.

"Niliutafuta mlango gizani. Pua ndiyo iliyouona kwanza." Akapokea kahawa, akaipuliza. "Nimefukuzwa na wakubwa watatu maishani. Wote waliningoja nitoke, ndipo wakafunga mlango."

Mtambo akainuka. "Nimeshapageuza, baba. Agizo la kufunga mlango sasa nimeliandika kwanza, ili lije mwisho."

"Kwanza, ili lije mwisho." Mzee aliyatafuna maneno hayo polepole. "Na msamaha umeuandika wapi, mbona sijausikia?"

"Niliuandika wa kwanza kabisa, baba."

"Ndiyo maana umechelewa!" akaropoka Mkasi.

Plasta ya Mzee Muhuri ikacheza. Aliuma mdomo, akatazama juu, akakunywa kahawa ya moto yote kwa mkupuo mmoja. Nikajua anapigana na kicheko. Mtambo maskini hakujua, jasho lilikuwa linamtiririka.

Mara simu ya mzee ikalia, na sauti ya mkewe tukaisikia benchi zima: "UKO WAPI?"

Mzee akachomoka kama kijana wa miaka ishirini. Sasa, kijiweni kwetu sheria ni moja, Mama Birika kaiandika kwenye boksi akaitundika: ANAYEONDOKA AOSHE KIKOMBE CHAKE. Haijawahi kusamehe mtu.

"Mzee! Kikombe!" Mama Birika akapiga kelele.

"Nimechomolewa waya!" akajibu bila kugeuka, makubazi yakilia lamini. Kwenye kona akasimama, akatugeukia, akicheka mpaka plasta imebanduka. "Kikombe changu ataosha mkwe!"

Akapotea.

"Kasemaje?" Mtambo akaninong'oneza.

"Osha kikombe, we mtu!"

Alikiosha mara nne, Mama Birika akimwambia atakitoboa. Kisha akakusanya na vyetu, akavipanga, akaanza na cha juu.