Simu Haikutoa Ng'ombe

Jumatatu, 9 Septemba

Mjukuu wangu Gati kaja na habari. Darasa lao la kidato cha tatu linapiga video ya wimbo, mwalimu Agustina atawapa alama. Wimbo ni wangu, ule wa kupeta ulezi. Kumbe bibi wa kuonekana akipeta ni Wegesa, jirani yangu. Eti ana meno. Kwani ulezi unapetwa kwa meno?

Uso wangu lazima uwemo, na sababu ninayo. Mwanangu Mseti yuko machimboni Geita. Krismasi mbili hajaja. Simu zangu hapokei, lakini Gati anasema video za mtandaoni anaangalia zote. Basi akiuona uso huu atakumbuka njia. Uso wa Wegesa utamkumbusha nini? Magimbi.

Shule sikukanyaga. Herufi kanifundisha Gati, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni. Zikipinda humu, lawama ni zake.

Jumanne, 10 Septemba

Nimempelekea Wegesa maziwa ya mgando. Nikamweleza kwa upole kwamba video ni Alhamisi na imehamishiwa Nyanungu, kwa sababu ya mlima. Akauliza mlima upi. Nikasema ule mzuri. Akauliza mbona mimi siendi. Nikasema magoti. Akanipa pole mpaka moyo ukanichoma kidogo. Nikanywa maziwa yaliyobaki, ukatulia.

Jumatano, 11 Septemba

Watoto wamefanya mazoezi uani. Mmoja, Hezekia, anacheza kama aliyekanyaga siafu. Nimemwambia. Kisha nimemwongezea ugali, maana siafu wanachosha. Gati kauliza mbona Bibi Wegesa hajaja mazoezini. Nikasema labda meno yanamuuma.

Alhamisi, 12 Septemba

Wegesa kaondoka asubuhi kwa bodaboda, kitenge cha kanisani kinapepea. Nami nikavaa gauni la bluu, nikapaka mafuta usoni mpaka nzi wanateleza.

Halafu mpiga picha wa Tarime mjini akasema kapata harusi, haji. Gati, kwa akili zake, kampigia Sylvester. Anapiga video za kipaimara, ana simu nzuri, hamwachii mtu tangu ng'ombe akanyage ile ya kwanza. Na Sylvester ni mume wa binti yangu Rose. Mkwe wangu!

Kwetu mkwe haangalii uso wa mama mkwe. Tukikutana njiani yeye anaingia mahindini kulia, mimi kushoto. Heshima haijawahi kupungua. Wanaoumia ni mahindi.

Nikakimbilia nyuma ya mlango. Gati machozi yakamlenga. Akasema wanakusanya kazi kesho, bila bibi wa kupeta hakuna video, nikamwite basi Bibi Wegesa. Wegesa yuko Nyanungu, anatafuta mlima.

Nikapaza sauti kutoka mlangoni: "Mura, kijana wangu, wewe huniangalii. Simu ndiyo inaniangalia. Simu imeoa kwangu? Ilitoa ng'ombe?"

Sylvester kapangusa simu yake. Kisha akamwambia Gati aniambie kwamba simu haikutoa ng'ombe, lakini mkono unaoishika ulitoa, na wawili kati yao walikuwa wa maziwa.

Mwisho tumeelewana. Kanipa mgongo, kaishikilia simu juu ya bega, ikaangalia yenyewe. Mimi na Gati tukaimba. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ijumaa, 13 Septemba

Gati kairusha video mtandaoni, nami nimeiona. Watoto wametoka vizuri, hata Hezekia. Kwenye zamu yangu kuna paa la ghala. Kuna ungo. Kuna miguu yangu. Kuna kuku mwekundu, kaingia na kutoka na kuingia tena. Sauti yangu imo yote, uso hata nusu. Kuku kanizidi uso.

Mwalimu Agustina kawapa alama za juu. Kasema bibi asiyeonekana ni mabibi wote, na kwamba wimbo unagusa sana, maana unahusu ulezi wa watoto. Nikamwacha. Ulezi ni ulezi.

Jioni kaja Wegesa. Kasema mimi ni mwongo mpaka mifupa. Nikampa uji, akanywa akiwa amenuna. Kisha akaangalia video. Kuku alipoingia mara ya pili, kaangusha kikombe kwa kucheka. Nikamjazia kingine.

Jumapili, 15 Septemba

Mseti kapiga simu! Mwenyewe.

Kasema alikuwa anapitisha video tu, akaona miguu. Akasema: "Mama, ule ufa wa kisigino bado hujaupaka mafuta?" Halafu nikasikia anavuta pumzi. Kasema anakuja Jumamosi.

Nikamwambia basi aje na mafuta. Nikakata simu haraka, nilie vizuri.

Gati kauliza kama nimeona sasa kwamba ujanja haukuhitajika. Nimeona. Sylvester ndiye atapiga video ya Mseti akiingia uani, na safari hii nitavaa miwani myeusi ya Rose. Macho yakifichwa, huo si uso, mkwe anaweza kugeuka.

Tatizo ni Wegesa, anataka kusimama mbele na yale meno. Nimempelekea maziwa. Nimemwambia mapokezi yamehamishiwa Mbalibali.

Kaniuliza kama huko kuna mlima.