Mlinzi wa Viatu vya Bwana Harusi

Jumanne, 11 Novemba 2025. Al-Malqa, Riyadh

Habari ya mwaka! Nausheen, binti wa bosi, anaolewa Ijumaa na Mmarekani aitwaye Idris. Watakaa Jeddah na watahitaji dereva. Madam kasema atakwenda mmoja wetu, mimi au Dancan, dereva mwenzangu.

Jeddah! Ndiko aliko Roseline wangu, anafanya kazi Al-Safa kwa dada yake madam. Mwaka mzima tunapendana kwa simu. Mtandao ukikatika, na penzi linakatika. Dancan hana mtu Jeddah. Hana mtu popote. Anataka upepo wa bahari tu.

Mpango: nimfanyie Bwana Harusi jambo ambalo hatalisahau. Jambo gani, sijui. Litakuja.

Roseline kapiga jioni, ana habari njema. Nikamkataza kusema. Nikamwambia yangu ni kubwa zaidi, asubiri tuonane Ijumaa, kwani harusi ni nyumbani kwa madam wake.

Alhamisi, 13 Novemba. Jeddah

Tumefika, mgongo hauna mwenyewe. Dancan kamwendesha madam. Mimi nimepewa binamu watatu wa bibi harusi, wasichana kutoka Hyderabad, wanacheka tangu Riyadh mpaka Taif. Nikatega sikio.

Masikio yangu! Kesho, Bwana Harusi akivua viatu akae mkekani kwa nikahi, wataviiba! Wamepanga kabisa, nani atabeba, nani atasimama mlangoni. Watoto wa madaktari!

Nilitaka kumshtaki kila mmoja kwa madam. Kisha nikatulia. Wizi huu nimeletewa na Mungu.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku mbaya. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Nyumba ya Al-Safa imejaa. Nikamwona Roseline na sinia la sambusa, mzuri hata mate yakanikauka. Akaninong'oneza kwamba ile habari haiwezi kungoja. Nikamwambia ingoje, niko kazini, kazi ya usalama.

Bwana Harusi akavua viatu vyake. Vya dhahabu, ncha zimepinda juu. Shehe alipofungua kinywa tu, nikavinyakua, nikaacha vyangu vyeusi mahali pake. Peku ningegundulika, kwa hiyo nikavaa vya dhahabu. Vikanikaa! Binamu mmoja akapita na shali, viatu vyangu vikaenda. Nikacheka moyoni.

Nikahi ikaisha. Wale wezi wakajitokeza wenyewe mbele ya watu, wakadai fidia! Bwana Harusi anabembeleza, wazee wanapiga makofi, bibi harusi anacheka mpaka hina inataka kubanduka. Hapo nikaanza kurudi nyuma kuelekea jikoni. Bahasha ikatolewa, shali ikafunuliwa. Viatu vyangu. Kiraka cha kisigino na yote.

 Macho yakashuka sakafuni, yakakagua mguu kwa mguu, yakasimama kwangu.

Jikoni Roseline akanieleza kuwa ni mila yao. Mashemeji huficha viatu, bwana harusi huvigomboa. Akaniuliza kama kwetu Vihiga shangazi za bibi harusi hawafungi geti mpaka upande wa mume utoe kitu. Nikamjibu geti ni geti na kiatu ni kiatu.

Alasiri nikaenda kwenye gari la maharusi nisafishe jina. Lo! Mikebe ya soda imefungwa nyuma kwa kamba, kioo kimechorwa kwa rangi nyeupe. Dancan! Anataka nionekane dereva mchafu. Nikakata kamba, nikasugua kioo mpaka kikang'aa. Halas, kwisha.

Wakatoka rafiki wawili wa Bwana Harusi na kamera. Wakatazama gari. Wakanitazama. Kumbe hiyo ni mila ya Kimarekani, maharusi huondoka kwa kelele. Walikuwa wameifunga tangu asubuhi. Dancan akasema yeye aliwauliza asubuhi wakamweleza. Kuuliza! Mwanamume anauliza?

Maharusi wakaondoka kimya kama watu wanaokwenda kupima damu.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeitwa. Nikaenda nimeshikilia pasipoti, tayari kurudishwa nyumbani.

Bwana Idris alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akasema katika nyumba nzima ya wakwe, ni mtu mmoja tu aliyesimama upande wake. Anamtaka huyo. Kaniachia na viatu vya dhahabu, zawadi. Madam akasema nichukuliwe tu, upesi. Dancan anarudi Riyadh. Nimeshinda!

Nikakimbia kwa Roseline. Nikamkuta anafunga begi.

Habari yake njema ni hii. Miezi yote hii amekuwa akimsihi madam wake amhamishie Riyadh, kwa ajili yangu. Madam wetu, kwa kuwa binti anaolewa na nyumba itabaki tupu, amekubali. Anaondoka kesho. Dereva ni Dancan.

Nilikaa juu ya gunia la mchele. Naye akalia kidogo, akaniambia, "Absalom, ungeniacha niongee dakika moja tu."

Jumatatu, 17 Novemba

Roseline kafika salama. Anasema Dancan alisimamisha gari njiani akamnunulia chai. Anasema ni msikivu. Nimelala vibaya.

Kanishauri nimwendee Bwana Idris nimweleze ukweli na nimwombe, ni mtu mwema, atanielewa. Wanawake hawajui mikakati. Lazima anifukuze mwenyewe mpaka Riyadh.

Nimeanza. Viatu vyake vyote viko kwenye buti ya gari, nimefunga na ufunguo ninao. Akikasirika, nimefaulu. Akicheka, nitahamia kwenye viatu vya mkewe.