Herufi Nene Zinazokimbia

Jumatatu, 8 Septemba
Avelina mwanangu, mwaka wa pili huu hujakanyaga Laela. Miguu imekatwa? Nakuandikia daftari hili nikutumie, ulisome uone haya. Na umekonda. Picha zako hazinidanganyi.

Habari ni hii. Nsajigwa, dereva wa basi la asubuhi liendalo Tunduma, ametangaza kwamba kuanzia Jumapili atasimamisha abiria wanywe uji kibanda kimoja tu. Kwangu au kwa Coleta, jirani yangu wa mkono wa kulia ukitazama kutoka barabarani. Atakayepitwa na basi afunge kibanda tu. Coleta ana bango. Herufi nyembamba, zimesimama wima kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mimi sina bango. Kesho naagiza.

Jumanne, 9 Septemba
Amekuja Timoth, fundi wa mabango, kutoka Sumbawanga. Akafungua daftari la mifano ya herufi. Niliyoitaka nikaiona mara moja. Nene, nyeusi, imeinama mbele kama mwanamke mwenye mzigo wa kuni anayepanda mlima, upepo wa Ufipa usoni. Shule sikwenda, unajua, herufi nilijifunzia kwenye magunia ya mbolea. Basi herufi ya kweli naijua. Ina tumbo, ina mwendo, haiombi ruhusa.

Timoth akasema hizo ni za neno moja au mawili, mtu azisome kwa mbali akiwa anapita. Ukizirundika zinabanana, hazisomeki. Nikamwambia ubao ni wangu.

Alhamisi, 11 Septemba
Bango limesimama mpakani, kati ya kibanda changu na cha Coleta. Nimeandikisha yote. Uji wa ulezi, uji wa mahindi, chai, maandazi, karibuni wageni, hapa hakuna inzi, Mtakatifu Ana utuombee. Yote nene, yote yameinama.

Margareth wa parokiani akapita, akauliza kwa nini nimepaka ubao lami. Nikavuka barabara nitazame. Kweli. Lami.

Ijumaa, 12 Septemba
Timoth amefuta. Alicheka kwanza, nikampa bakuli la pili la uji anyamaze. Limebaki neno moja, UJI, kubwa kama mlango. Avelina, lile neno linatembea! Hata lori la mahindi limepunguza mwendo. Coleta akatoka, akasema shikamoo bibi, herufi nzuri hizo. Kaziba mdomo kwa mkono. Wivu umemkaba.

Jumapili, 14 Septemba
Misa ya kwanza, kisha kibandani. Sufuria mbili zinachemka. Basi likaja. Likapunguza mwendo kwangu. Likapita. Likasimama kwa Coleta, abiria wote wakashuka.

Nikamfuata Nsajigwa, mwiko mkononi. Akaniamkia vizuri, ana adabu yule Mnyakyusa, akasema, “Bibi, neno lako linakimbilia huku. Mimi nimelifuata tu.”

Nikageuka. Mama yangu. Ubao uko mpakani, na herufi zote tatu zimeinamia kulia, zinaelekea kwa Coleta kama ng'ombe walioona maji.

Coleta akaniwekea kiti na bakuli. Uji mwepesi, unaona sakafu ya bakuli. Nikamaliza. Kisha nikamnyang'anya mwiko nikaongeza unga mwenyewe, maana wale abiria ni watoto wa watu na Tunduma ni mbali. Nikaenda kuchukua na sufuria zangu mbili. Zikaisha zote, kwake.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimewaza usiku kucha, kosa nimeliona. Ni la Timoth. Herufi hazikunenepa vya kutosha. Zingekuwa nzito kweli zingeweza kukimbia? Zingekaa kwangu, zikihema. Nimeagiza ubao mara mbili ya ule, palepale mpakani, na U inenepe mpaka izibe katikati. Timoth ameshika kichwa. Nimemwambia ubao ni wangu.

Wewe ukija, shukia kwa Coleta, ndipo basi linaposimama. Usionje kitu. Rudi nyuma kibanda kimoja, uje na njaa yako yote, na kopo kubwa la rangi nyeusi.